Sileji inanuka, ina joto au ina ukungu: soma dalili kabla ya kulisha

Sileji ni majani ya malisho yaliyovundikwa bila hewa, na silo ni shimo, mnara au chombo cha kuyavundikia. Kuvundika na kuvunda ni maneno ndugu, na ndani ya silo kinachoyatenganisha ni hewa. Majani yakikatwakatwa, yakashindiliwa na kufunikwa haraka, oksijeni iliyobaki humo huisha ndani ya saa chache. Bakteria wanaogeuza sukari kuwa asidi ya laktiki huchukua nafasi, pH (kipimo cha ukali wa asidi; ikishuka, asidi imezidi) hushuka hadi karibu 4, na malisho hukaa miezi mingi bila kuharibika. Hewa ikibaki ndani, au ikirudi baadaye, umetengeneza mboji ya gharama kubwa.

Tabu ya sileji ni kwamba kosa na dalili yake havionekani siku moja. Unafunika leo, unafungua baada ya miezi mitatu, na kinachokupokea ni uvundo wa jambo lililofanyika alasiri moja ambayo umeshaisahau. Ndiyo maana hapa tunaisoma silo kinyumenyume, kuanzia kinachoonekana leo hadi siku ya kujaza. Na tukubaliane mapema: sileji iliyoharibika hairudi kuwa nzima, na hakuna dawa ya kumwagia juu ikapona. Unaloweza ni kuzuia uharibifu usienee, kutenga kilicho salama, na kutorudia kosa lile lile msimu ujao.

Dalili isiyosubiri: harufu ya klorini na moshi wa manjano

Naanza na hii kwa sababu nyingine zote zinaharibu chakula cha mifugo, lakini hii inaua watu.

Ukinusa harufu kali kama ya dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, ukaona moshi wa manjano au wa kahawia-nyekundu ukitambaa chini, macho na koo vikaanza kuwasha, au ukakuta ndege na wadudu wamekufa karibu na silo, hiyo ni naitrojeni dioksaidi. Inatokana na naitreti, chumvi ya naitrojeni iliyojikusanya kwenye mmea. Mara nyingi ni mahindi au mtama uliopigwa na ukame kisha ukavunwa siku chache tu baada ya mvua kurudi, au shamba lililotiwa mbolea ya naitrojeni kupita kiasi. Gesi huanza kutoka saa chache baada ya kujaza, hufika kilele kati ya siku ya kwanza na ya tatu, na inaweza kuendelea hadi wiki tatu. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hutuama shimoni na chini ya mnara. Pamoja nayo kuna kaboni dioksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, nayo hufukuza hewa ya kupumua.

Hapa hakuna cha kuchunguza kwanza. Ondoka, waondoe watoto na mifugo waliofungwa upande wa chini, na usiingie kwenye shimo refu, mnara au chumba kilichojengewa silo kwa wiki tatu za mwanzo. Hata baada ya hapo, feni ya kusukuma hewa ifanye kazi angalau nusu saa kabla mtu hajaingia, na mwingine abaki nje. Ukimwona mwenzako ameanguka ndani, usimfuate. Ndivyo maiti ya pili inavyopatikana. Waite zimamoto wenye vifaa vya kupumulia. Aliyevuta gesi hii hata kidogo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, ingawa anasema yuko sawa, kwa sababu mapafu yanaweza kujaa maji saa nyingi baadaye.

Vipimo vya kufanya kabla ya kulaumu mbegu, molasi au aliyekuuzia nailoni

Pua ndiyo kifaa cha kwanza, lakini usiuzamishe uso kwenye sileji yenye ukungu. Vumbi la ukungu huumiza mapafu, kwa hiyo vaa barakoa. Sileji nzuri ina harufu ya uchachu mwepesi, kama maziwa ya mgando au matunda yaliyoiva sana, na rangi yake ni kijani kilichofifia kuelekea manjano au kahawia hafifu.

Mkono unapima unyevu. Chukua konzi ya malisho, kamua kwa nguvu nusu dakika, kisha fungua kiganja. Maji yakidondoka kati ya vidole, unyevu umepita 75%. Donge likibaki limeshikana na kiganja kikalowa, uko kati ya 70 na 75. Donge likifunguka taratibu na kiganja kikawa na unyevunyevu tu, uko kati ya 60 na 70, na hapo ndipo pazuri. Likisambaratika papo hapo, malisho ni makavu mno. Anayetaka uhakika apime gramu 100, akaushe kwenye maikrowevu kwa dakika chache chache huku ameweka glasi ya maji ndani ili majani yasishike moto, na apime tena hadi uzito usishuke. Gramu zilizopotea ndizo asilimia ya unyevu.

Joto lipime kwa kipimajoto kirefu, sentimita 30 ndani ya uso wa sileji, yaani ule ukuta unaochota, kisha ulilinganishe na joto la nje. Karatasi za kupimia pH ni rahisi kupata, na tone la maji yaliyokamuliwa linatosha. Mahindi yaliyovundika vizuri huwa kati ya 3.7 na 4.2, majani ya kawaida kati ya 4 na 4.5, na mikunde kama lusani inaweza kufika 5 bila kosa lolote. Pia, sileji yenye unyevu mdogo huishia na pH ya juu kidogo. Usiogope namba peke yake kama pua haina malalamiko.

Ukungu juu na pembeni

Hili ndilo lalamiko namba moja. Mtu anafunua, anakuta tabaka jeusi linaloteleza, au nyuzi nyeupe na mabonge ya kijani-buluu, hasa kwenye mabega ya shimo pale ukuta unapokutana na nailoni.

Chanzo kikubwa ni kifuniko: hakikubanwa, kina matundu, au ni chembamba. Tembea juu ya silo (kama urefu wake ni salama) na utafute panya, makucha ya ndege, kwato za mbuzi na miba. Methali ya ufa na ukuta imetungiwa nailoni ya sileji: tundu la ukubwa wa kidole huozesha upana wa sinia. Lizibe siku unayoliona, kwa utepe mpana uliotengenezwa kwa kazi hiyo. Utepe wa kufungia makasha hubanduka jua likiwaka, na watu wengi huugundua mchezo huo wakati wa kufungua. Nailoni yenyewe iwe na unene wa mikroni 125 au zaidi na iwe imetengenezwa kustahimili jua. Nailoni ya ujenzi huchanika vipande kabla msimu haujaisha. Juu yake weka matairi yakigusana, au mifuko ya mchanga, au udongo. Tairi moja hapa na jingine kule ni mapambo.

Chanzo cha pili ni ushindiliaji, na pembeni ndiko unakokosekana, kwa sababu gurudumu la trekta halipendi kukaribia ukuta na mguu wa mtu nao huikwepa kona. Sukuma vidole kwenye uso wa sileji: vikizama hadi fundo la pili, hewa ilikuwa na njia. Wakati wa kujaza, tandaza tabaka lisilozidi sentimita 15 kabla ya kulishindilia. Kwa trekta kuna hesabu inayosaidia: kila tani inayoingia kwa saa inahitaji karibu kilo 400 za uzito wa kushindilia. Ukileta tani 10 kwa saa, unahitaji tani 4 zinazotembea juu bila kupumzika. Mara nyingi kinachofaa si kutafuta trekta kubwa, bali kupunguza kasi ya kuleta.

Cha tatu ni vipande virefu. Ukipima kwa rula ukakuta sentimita 5 au 6, visu vya mashine ni butu au vimelegea. Lenga sentimita 1 hadi 2.5, na kadiri malisho yalivyo makavu ndivyo yakatwe mafupi zaidi. Cha mwisho ni kuchelewa kufunika. Niliwahi kuliacha shimo wazi usiku mbili nikisubiri mashine ya mtu, na nilipofungua miezi baadaye kulikuwa na mstari wa kahawia uliopita katikati ya shimo lote kama alama ya maji ukutani. Ulikuwa unaonyesha kabisa tulipoishia siku ile.

Kuhusu kulisha: tupa sehemu yote yenye ukungu pamoja na upana wa kiganja wa sileji inayoonekana nzima kandokando yake. Usichanganye "kidogo kidogo" ili isipotee. Rangi ya ukungu haikuambii kama una sumukuvu au hauna, na sumukuvu inaweza kubaki hata pale ukungu wenyewe hauonekani. Aflatoksini, sumukuvu mojawapo, inayoliwa na ng'ombe anayekamuliwa hupita hadi kwenye maziwa, na kuyachemsha hakuiondoi. Kama ukungu umetapakaa katikati ya silo na si ngozi ya juu tu, acha kulisha na upeleke sampuli maabara.

Ilikuwa nzuri, sasa inapata joto

Silo imefunguliwa, wiki ya kwanza ilinukia vizuri, sasa uso wake una joto, unafuka asubuhi, na kwenye hori mabaki ya jioni yamekuwa ya moto.

Kwanza hakikisha ni tatizo kweli. Shimo kubwa hutunza joto la siku ya kujaza kwa wiki nyingi, na mvuke wa alfajiri yenye baridi si ushahidi. Chota kutoka ndani, tandaza kivulini. Ikipoa na kubaki baridi hadi kesho yake, lilikuwa joto la zamani. Ikipoa kisha ikapata moto tena ndani ya siku moja, hamira zimeamka. Hizi hulala pasipo hewa; hewa ikiingia hula asidi ya laktiki, pH inapanda, na nyuma yao wanakuja ukungu na bakteria wa uozo. Uso ukizidi joto la nje kwa nyuzi 10 au zaidi, tayari unapoteza chakula kingi, na kilicho bora ndicho kinachoanza kuliwa.

Karibu kila mara sababu ni moja: uso ni mpana kuliko mifugo uliyonayo. Chukua ng'ombe watano wanaokula kilo 20 kila mmoja, yaani kilo 100 kwa siku. Sileji iliyoshindiliwa vizuri ina takriban kilo 650 kwa mita moja ya ujazo. Ukitaka kukata sentimita 20 kila siku kwenye uso mzima, uso huo usizidi robo tatu ya mita ya mraba, yaani upana wa mita 1 kwa kimo cha sentimita 75. Sasa kapime shimo lako. Mashimo mengi huchimbwa kwa fahari, si kwa hesabu, na hakuna nailoni itakayookoa shimo la upana wa mita 3 lililochimbiwa ng'ombe watano. Kwa mifugo michache mifuko, mapipa na marobota yaliyofungwa ni bora, kwa kuwa unafungua cha siku mbili tatu na kilichobaki hakijui kama kuna mlango umefunguliwa.

Kama shimo limeshachimbwa, kata sentimita 15 kwa siku wakati wa baridi na zaidi ya hapo wakati wa joto, hadi 30. Kata wima, kwa uso laini, bila kufukua. Uma unaochokonoa huku na kule hufungulia hewa njia ya mita nzima kwenda ndani. Funua kinachotosha siku moja au mbili tu, na usirudishe kwenye silo mabaki yaliyomwagika. Swali la kurudisha nailoni usoni kila baada ya kuchota huulizwa sana. Kuzuia mvua na jua ndiyo, lakini nailoni inayoning'inia mbele ya uso wenye joto hutengeneza chumba cha fukuto. Ama ibane igusane na sileji kabisa, ama iache.

Sababu nyingine ni ushindiliaji hafifu na malisho yaliyovunwa yakiwa makavu. Kwa msimu ujao kuna chachu zenye bakteria wa Lactobacillus buchneri, ambao hutengeneza asidi ya asetiki, na asidi hiyo huzibana hamira. Zinafaa kwa anayejua atalisha polepole. Chachu ya bakteria wa asidi ya laktiki pekee haisaidii sana katika hili, na wakati mwingine hufanya sileji ipate joto upesi zaidi, kwa sababu asidi ya laktiki ndicho chakula chenyewe cha hamira.

Inanuka siagi iliyochacha, inateleza, harufu haitoki mikononi

Rangi imekuwa ya zeituni au kijani cheusi, imelowa, inateleza, na ukirudi nyumbani wanakuambia ukaoge. Hiyo ni asidi ya butiriki, kazi ya bakteria waitwao klostridia. Hawa hawahitaji hewa, kwa hiyo hapa nailoni inaweza kuwa haina kosa hata kidogo. Wanachopenda ni maji mengi na pH ambayo haikushuka.

Angalia kwanza unyevu. Kama konzi inatoa maji, umepata jibu. Majani mabichi kama matete yanayovunwa asubuhi na kuingizwa shimoni siku hiyo hiyo hubeba maji yanayopita 75%, na asidi humo huwa nyepesi kama chai iliyozidishwa maji. Nyausha kwa saa kadhaa hadi siku moja kulingana na jua. Mahindi hayanyaushwi, yanasubiriwa. Vunja gunzi, tazama punje: mstari unaotenganisha sehemu ngumu na sehemu ya maziwa ukifika nusu hadi theluthi mbili ya punje, mmea mzima huwa kwenye unyevu wa 65 hadi 70%.

Kisha tafuta udongo. Klostridia wanaishi kwenye udongo na kwenye samadi. Kama umekata majani hadi kwenye mizizi, trekta imepanda juu ya rundo na matope ya barabarani, au shimo halikuwa na tandiko chini, umewapanda mwenyewe. Acha visiki vya sentimita 8 hadi 10, na magurudumu yafutwe.

Tatu, sukari haikutosha. Majani yaliyokomaa sana, yaliyonyeshewa baada ya kukatwa, au mikunde mitupu huwa hayana sukari ya kutosha kutengeneza asidi. Molasi ya kilo 30 hadi 50 kwa tani ya malisho mabichi, ikiyeyushwa kwa maji kidogo na kunyunyizwa tabaka kwa tabaka, husaidia sana. Ikimwagwa yote juu mwishoni, inasaidia nzi. Na kama majani tayari yana maji mengi, yeyusha kwa maji machache kabisa, la sivyo unaongeza ugonjwa ulioukusudia dawa.

Je, ilishwe? Harufu hafifu hupungua sileji ikitandazwa kwenye hewa saa chache, na ng'ombe wasiokamuliwa na wasio na mimba wanaweza kupewa kidogo, pamoja na malisho mengine. Ng'ombe anayekaribia kuzaa au aliyetoka kuzaa asipewe kabisa. Asidi ya butiriki humsukuma kwenye ugonjwa wa kukosa nguvu na kukataa chakula. Ikinuka pia amonia, au ikifanana na kinyesi, usitafute mnyama wa kumpa. Ipeleke kwenye mboji.

Maji yanatiririka chini ya silo

Sababu ni ile ile ya unyevu, au mvua imeingia kwa juu. Tofautisha: maji ya sileji ni ya kahawia, yana uchachu mkali na huanza siku chache baada ya kufunika. Yanayoanza baada ya mvua na yana rangi hafifu ni ya mvua, na hapo tafuta tundu au mtaro uliokosekana juu ya shimo.

Maji haya yanabeba sukari na protini zilizoyeyuka, kwa hiyo ni hasara. Lakini kinachonisumbua zaidi ni yanakokwenda. Yakiingia kijito au kisima, humaliza oksijeni majini na samaki hufa. Uchafuzi wake unazidi wa maji taka ya nyumbani kwa zaidi ya mara 100. Yachimbie pembeni shimo dogo lililojengewa, yachote, uyachanganye na maji mengi na kuyamwaga shambani mbali na mto. Yanakula saruji na chuma pia. Yakiwa yameshafika kwenye kisima cha kunywa, acha kukitumia na uwaite watu wa afya ya maji.

Mfuko umevimba kama puto

Siku za mwanzo, mwache. Uchachukaji hutoa gesi, mfuko unavimba, kisha hunywea wenyewe. Anayeutoboa kwa huruma na kusahau kuziba ndiye atakayerudi kwenye sehemu ya ukungu hapo juu. Ukiwa unakaribia kupasuka kweli, legeza kamba ya mdomoni kidogo, nje, upepo ukiwa mgongoni mwako na uso ukiwa mbali, kisha funga papo hapo. Mfuko unaoanza kuvimba upya baada ya wiki kadhaa ni habari nyingine: fungua huo kwanza na uunuse.

Imekuwa kahawia, inanukia tumbaku au sukari iliyoungua

Mifugo huila kwa hamu, na hapo ndipo mtego ulipo. Sileji ilipata moto mkali mwanzoni, kwa kawaida zaidi ya nyuzi 40, kwa sababu ilikuwa kavu na hewa ilikuwa nyingi. Protini imefungamana na sukari na mnyama haimfikii. Si sumu. Ongeza chanzo kingine cha protini, na mwakani vuna mapema. Ukilazimika kujaza malisho makavu, kumbuka kwamba kupandisha unyevu kwa asilimia 1 tu kunahitaji lita 25 hadi 30 za maji kwa tani, kwa hiyo ndoo mbili za kunyunyiza hazifui dafu.

Moshi wa kuungua kweli ukitoka kwenye silo ya mnara, usifungue juu wala usimwage maji mwenyewe. Hewa ikiingia ghafla inaweza kulipuka. Zimamoto.

Harufu ya siki, au ya pombe

Siki kali maana yake uchachukaji ulikwenda polepole, mara nyingi kwa sababu ya maji. Inalishika, mifugo hula kidogo kuliko kawaida. Pombe ni hamira. Nayo inalishika, ila itapata joto upesi ukifungua, kwa hiyo iharakishe.

Ng'ombe wanaigomea, au maziwa yananuka

Kama vipimo vyote ni sawa, huenda ni ugeni tu. Anza na konzi chache juu ya malisho waliyozoea, kisha panda taratibu kwa siku 7 hadi 14. Kubadilisha ghafla huvuruga tumbo, na mtu anailaumu sileji. Hakikisha pia imekaa angalau wiki tatu tangu ifunikwe. Iliyofunguliwa siku ya 10 bado haijatulia. Ndama wadogo ambao tumbo la kucheua halijakomaa wasipewe.

Maziwa yenye harufu kwa kawaida ni suala la saa. Lisha baada ya kukamua, si kabla, na usiweke sileji kwenye chumba cha kukamulia. Harufu ikibaki wiki nzima baada ya mabadiliko hayo, rudi kwenye sehemu ya asidi ya butiriki.

Mnyama ameanza kuumwa: hapa weka mwongozo chini

Acha kulisha sileji kwa kundi lote, tenga sampuli kwenye mfuko safi, na umwite daktari wa mifugo ukiona lolote kati ya haya:

- Mnyama anazunguka duara, sikio au mdomo wa upande mmoja umelegea, au mimba zimetoka zaidi ya moja. Huenda ni listeria, bakteria anayestawi kwenye sileji iliyoingia hewa na ambayo pH yake imepanda. Kondoo na mbuzi huathirika sana. Mtu mwenye mimba asiguse kilichotoka, na maziwa yasinywewe bila kuchemshwa.
- Miguu inaishiwa nguvu, ulimi unaning'inia, hawezi kumeza. Hiyo ni dalili ya botulizimu, sumu ya bakteria inayolegeza misuli. Panya, nyoka au ndege aliyekatwa na mashine pamoja na majani anatosha kuitia sumu sileji inayomzunguka. Mzoga ukionekana, eneo lote linatupwa. Farasi na punda wako hatarini zaidi.
- Anahema haraka, anayumba, damu na ufizi vina rangi ya chokoleti, muda mfupi baada ya kula. Naitreti. Kuvundika hupunguza naitreti lakini si yote, na hapa ni suala la dakika.

Usimpe dawa ya kubahatisha, na usimlazimishe kunywa chochote mnyama asiyemeza; atavuta mapafuni.

Na jambo moja kwa anayechota kila siku. Uso wa sileji uliozidi kimo chako unaweza kuporomoka bila onyo, hasa ukiwa umechimbwa chini na kubaki na paji la juu linaloning'inia. Simama mbali kwa umbali wa mara tatu ya kimo chake, watoto wasicheze hapo, na sampuli ichukuliwe kwenye rundo lililoshushwa, si ukutani. Paji likishaning'inia, liangushwe na mashine kutoka mbali na mwenye uzoefu. Kama huna mashine, tafuta mwenye nayo kabla ya kuchota konzi nyingine.